Sikio Kabla ya Penseli

Msikilizaji, mpe mtoto wa miaka minne maneno matatu: bata, kuku, bakuli. Muulize yapi mawili yanaendana. Atakujibu upesi: bata na kuku, wote wana mabawa. Jibu zuri, lakini amewaza ndege, sauti za maneno hajazisikiliza. Siku atakapokwambia bata na bakuli, kwa kuwa yote yanaanza na ba, ujue sikio lake limeanza kujiandaa kusoma.

Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofuatilia watoto zaidi ya 400. Baadhi yao walifundishwa kupanga maneno kwa sauti, wengine wakayapanga kwa maana. Wa sauti ndio waliosonga mbele katika kusoma, hasa walioonyeshwa na herufi pia.

Sisi mchezo wa sauti za maneno tunao siku nyingi. Watoto wa Unguja na mwambao wana kinyume: silabi ya mwisho inatangulizwa, kitabu kikawa bukita, nyumba ikawa mbanyu. Askofu Edward Steere aliweka mfano wake katika kitabu cha Kiswahili alichokitoa mwaka 1870. Hakuna awezaye kusema kinyume bila kulikata neno mahali pake. Ndiyo maana naumia nikisikia watoto wakikemewa darasani eti wanaongea upuuzi.

Kinyume, kweli, ni cha waliokua kidogo. Watoto wa darasa la awali waanze na makofi, moja kwa kila silabi. Ba-ta, mawili. Ba-ku-li, matatu. Kisha wape neno mti. Wengi watapiga kofi moja tu, m wameimeza. Hapo mwalimu asiharakishe. Afunge midomo, aivute ile m mpaka waione usoni pake: mmm-ti. Makofi mawili. Asiyeisikia m hiyo leo, kesho utamkuta ameandika ti, au muti.

Kazi hii haihitaji vitabu wala umeme, inahitaji muda, na muda huo tunajinyima wenyewe kwa kudai madaftari yajae. Mzazi, ukifungua daftari la mwanao wa awali ukalikuta tupu, usimfuate mwalimu kwa ugomvi. Muulize mtoto leo wamecheza maneno gani, umwache akufundishe, na nawe upige makofi.