Fidia Haitoshi: Kwa Nini Maangamizi ya Mazingira Yawe Jinai



Katika mtaa wa Owino Uhuru, viungani mwa Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoanza mwaka 2007 kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Moshi wake ukatua juu ya mabati ya nyumba, na maji yake ya sumu yakapita vichochoroni walimocheza watoto, hata risasi ikaonekana katika damu ya wakazi, wadogo kwa wakubwa. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa humo, alimwona mwanawe akiugua kwa sumu hiyo, naye akaacha kazi, akawakusanya majirani, akastahimili vitisho na kukamatwa, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wananchi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Naifurahia haki hiyo, ijapokuwa ilichelewa mno. Lakini lile lilikuwa shauri la madai, na shauri la madai huuliza hasara ni kiasi gani na nani ailipe. Haliulizi kama yupo mtu aliyejua kwamba sumu inaingia katika miili ya watoto, na hali akijua, akaamuru tanuri liendelee kuwaka. Tajiri asiyekhofu ila fidia huiandika fidia katika daftari la gharama zake, pamoja na ushuru na mishahara.

Fikra ya kuyafanya maangamizi ya mazingira kuwa jinai si ngeni. Ilizuka wakati wa vita vya Vietnam, ambako tangu 1961 hata 1971 ndege za Marekani zilimwaga dawa za kuua majani juu ya misitu na mashamba. Mwanazuoni wa mimea Arthur Galston akataka, mwaka 1970, mataifa yaliharimishe tendo hilo. Hata hivyo Mkataba wa Roma wa 1998, ulio msingi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, umeutaja uharibifu wa mazingira katika mlango wa vita tu, kana kwamba bahari na misitu haiangamizwi wakati wa amani. Mwaka 2021 jopo la wanasheria, likiongozwa na Philippe Sands pamoja na Dior Fall Sow wa Senegal, lilitunga tafsiri ya jinai hiyo, na Septemba 2024 Vanuatu, Fiji na Samoa zikaomba iingizwe katika Mkataba.

Umoja wa Afrika nao una Itifaki ya Malabo ya 2014, ambayo hutia katika jinai usafirishaji wa taka za sumu, na hukubali kuyashtaki hata makampuni, jambo lisilokubaliwa na Mkataba wa Roma. Nasikitika kwamba imewapa kinga wakuu wa dola walioko madarakani, na kwamba haijapata idhini za kutosha hata ianze kutumika.

Wapo wanaokhofu, na khofu yao ina haki, kwamba sheria kali itamwangukia mchoma mkaa na mvuvi wa nyavu ndogo, ilhali wakubwa wakisalimika. Kwa hiyo napendekeza mabunge yetu, pamoja na kuidhinisha Itifaki hiyo, yaandike katika kanuni za adhabu kwamba mshtakiwa awe ni yule mwenye amri, aliyejua madhara makubwa yatakayotokea, wala kulipa fidia kusimfutie mashtaka.