Unyevu na Uhai wa Aloi za Joto Kali



Sisi tunaohudumia mitambo ya kufua umeme kwa gesi huwa tunahofia joto, chumvi na vumbi. Mada hii inaongeza adui mwingine: mvuke wa maji. Hoja yangu ni kwamba aloi iliyofuzu majaribio katika hewa kavu bado haijafuzu.

1. Mvuke unatoka wapi?

Kwanza, unatoka kwenye mwako wenyewe. Kila molekuli ya methani ikiungua huzaa molekuli mbili za maji, hivyo katika gesi moto inayopita kwenye mapanga ya mtambo, mvuke hukaribia moja ya kumi ya ujazo. Pili, unatoka kwenye hewa tunayoivuta. Katika Dar es Salaam, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, zaidi ya asilimia 3 ya hewa ni mvuke. Hewa ya mtungi inayotumika maabarani karibu haina mvuke kabisa.

2. Ganda la kromia

Aloi za joto kali hazizuii oksijeni isizifikie. Hujikinga kwa ganda jembamba la oksidi linalokua polepole. Katika stenlesi, ganda hilo ni oksidi ya kromiamu, yaani kromia. Katika oksijeni kavu, kromia huanza kupotea kwa kasi ya kutia wasiwasi joto likikaribia nyuzi 1000 za Selsiasi. Mvuke ukiwepo pamoja na oksijeni, huungana na kromia na kutoa gesi yenye kromiamu, oksijeni na haidrojeni, na hilo hutokea hata kwenye nyuzi 600.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers, Göteborg, nchini Sweden, walilionyesha jambo hili kwa stenlesi ya 304L. Katika oksijeni kavu ya nyuzi 600, ganda lilidumu. Walipoongeza mvuke, kromiamu iliondoka kwa kasi kuliko ilivyoweza kupanda kutoka ndani ya chuma, na oksidi nene ya chuma ikashika nafasi yake. Kadiri gesi ilivyopita kwa kasi, ndivyo hasara ilivyozidi.

3. Ganda la alumina

Aloi za nikeli za mapanga ya mitambo hujikinga kwa alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, ambayo haipeperuki kirahisi hivyo. Udhaifu wake uko pale inaposhikana na chuma. James Smialek wa NASA, Cleveland, alieleza kisa cha kushangaza: sampuli iliyotoka tanurini kwenye nyuzi 1100 hivi hupoa ikiwa nzima, kisha saa kadhaa baadaye, ikiwa imekaa tu mezani, ganda huanza kubanduka. Ukiidondoshea tone la maji, hubanduka papo hapo.

Chuma kikipoa husinyaa zaidi kuliko ganda, na ganda hubaki limebanwa kwa mkazo wa gigapaskali kadhaa. Kwa maelezo ya Smialek, maji yanayopenya kwenye nyufa hukutana na aluminiamu ya aloi, hutoa haidrojeni, nayo hudhoofisha mshikamano wa ganda na chuma. Salfa iliyojikusanya mpakani huwa imeshaanza kazi hiyo. Aloi yenye salfa chini ya sehemu moja katika milioni hustahimili zaidi.

4. Mapendekezo

(a) Majaribio ya aloi yafanyike kwa kiwango cha mvuke kinacholingana na kile cha mtamboni.

(b) Sampuli ipimwe uzito inapopoa, kisha irudiwe baada ya kukaa siku kadhaa katika hewa ya kawaida.

(c) Mnunuzi wa mapanga adai kiwango cha salfa kiandikwe kwenye cheti cha aloi.

(d) Mtambo uliozimwa kwa muda mrefu ukingwe dhidi ya unyevu, maana kwa ganda la alumina hatari haiishi moto unapozimwa.

(e) Wanaopanga kuchanganya haidrojeni kwenye gesi wafanye hesabu mapema, kwa sababu mchanganyiko huo huongeza mvuke katika mwako.

Vipimo hivi vina gharama, lakini ni ndogo kuliko ya seti ya mapanga yaliyoharibika kabla ya wakati wake.