Nani Analipia Kura ya Komini?

Uchaguzi wa komini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hulipiwa kutoka mifuko miwili. Wa Serikali hununua mashine za kupigia kura, hukodi ndege na malori ya kubeba vifaa, na hulipa posho za watumishi wa vituo, yote kwa mkono wa Tume Huru ya Uchaguzi, CENI. Mfuko wa pili ni wa mgombea. Kinachotoka humo hakirudi.

Mwaka 2006 sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili wa kigeni. Mwaka 2018 Kinshasa iliamua kujilipia. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, CENI ikiongozwa na Denis Kadima, uligharimu zaidi ya dola bilioni moja. Siku hiyo washauri wa komini (madiwani) walichaguliwa kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, baada ya kuahirishwa mara nyingi, na katika miji mikuu ya majimbo tu. Mjini Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini, komini zote mbili, Goma na Karisimbi, zilipiga kura. Maeneo ya Rutshuru na Masisi, katika jimbo hilohilo, hayakupiga kura yoyote kwa sababu ya vita.

Kwa upande wa mgombea, kila kitu huanza na dhamana. Katika Kiswahili cha kawaida, dhamana ni mali inayowekwa ili irudi. Hii ya uchaguzi huingia katika Hazina ya Serikali na kubaki huko, mwenye nayo ashinde au ashindwe. Jina lake la haki lingekuwa ada. Mgombea urais wa 2023 alitozwa franka za Kongo milioni 160. Wa komini hutozwa kidogo sana kuliko huyo, lakini naye mara nyingi ni mwalimu, au mama mwenye meza katika soko la Virunga mjini Goma. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 imeacha mlango mmoja wazi: orodha ambayo angalau nusu ya wagombea wake ni wanawake hailipi dhamana.

Juu ya dhamana kuna kizingiti. Orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali katika komini haipati kiti hata kimoja. Wagombea zaidi ya 31,000 waliwania viti visivyofika 1,000 nchi nzima; hesabu ya waliotoka mikono mitupu si ngumu. Bado hapo hazijatajwa fulana, vipaza sauti, na petroli ya wanamotari wanaosindikiza msafara.

Kinachoshangaza ni kwamba msaada wa Serikali umo katika maandishi. Kifungu cha 6 cha Katiba kinaruhusu vyama kupewa fedha za umma kwa ajili ya kampeni au shughuli zao, na sheria ya tarehe 10 Juni 2008 ikaweka masharti yake. Waangalizi wa uchaguzi, wakiwemo wa Umoja wa Ulaya, wameandika kwamba sheria hiyo haikutekelezwa. Nchini Ufaransa hali ni tofauti: huko, katika komini zenye watu 9,000 na zaidi, orodha iliyopata asilimia 5 ya kura hurudishiwa gharama zake hadi asilimia 47.5 ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa.

Kura ya mchujo ndani ya chama, inayoamua nani atagombea, ni jambo jingine tena. Marekani, katika majimbo mengi, mchujo huendeshwa na ofisi za umma: kaunti hulipa makarani na karatasi za kura, na mahali pengine hazina ya jimbo huirudishia kaunti gharama hizo. Kenya ina Mfuko wa Vyama vya Siasa, ambao kisheria haupaswi kupungua asilimia 0.3 ya mapato ya taifa, na tume ya uchaguzi inaweza kuendesha mchujo chama kikiomba. Tanzania, chama tawala CCM huwapigia kura za maoni hata wagombea udiwani, na vyama hupata ruzuku. Mjini Goma mchujo wa namna hiyo haujulikani. Orodha hukamilishwa na viongozi wa chama, neno la mwisho likiwa la yule anayeitwa «autorité morale» (mamlaka ya kimaadili ya chama), na kwa kuwa hakuna atakayemrudishia mtu gharama, anayeweza kujilipia husogea mbele ya anayefahamu shida za mtaa.

Washauri waliochaguliwa ndio ambao kisheria wangemchagua bugumestri, kiongozi wa komini. Lakini Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, gavana akiwa mwanajeshi na meya wa Goma afisa wa polisi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji na kuweka viongozi wao. Dhamana za 2023 zilibaki Kinshasa, katika Hazina.