Taa za Onyo na Injini Ikosayo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Izimbya)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme habari ya motokaa za zamani, nasi tumekubali kwa furaha, maana jambo hili lahusu mifuko yetu sote. Wengi katika chama chetu, makarani, waalimu, waganga na mabwana shamba, wamenunua motokaa kwa mkopo unaokatwa katika mshahara kila mwezi. Motokaa hizo si mpya. Nyingi zimekwisha tumika Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kushushwa Dar es Salaam. Tena hapa Izimbya motokaa ya mtumishi si yake peke yake. Usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, au mtoto akipandwa na homa, mlango unaobishwa ni wa yule mwenye gari. Kwa hiyo kujua lugha ya injini si anasa, ni wajibu.

Wala hatutoki katika desturi. Chama cha Watumishi wa Serikali Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, chini ya Bwana Martin Kayamba, kusaidiana na kuongeza maarifa kulikuwa katika nia za wazee wetu wale. Nasi twafuata njia hiyo hiyo.

NENO LA KWANZA: TAA. Taa zilizo mbele ya dereva husema kwa rangi. Kijani na buluu ni habari tu. Manjano ni onyo: endesha kwa uangalifu, ukatafute sababu mapema. Nyekundu ni amri ya kusimama. Taa nyekundu yenye sura ya birika la oili yaonyesha kwamba msukumo wa oili umeanguka; zima injini papo hapo, maana dakika chache tu zatosha kuunguza vyuma ambavyo gharama yake huenda ikapita bei ya motokaa yenyewe. Taa ya joto ikiwaka, simama, na usifungue mfuniko wa rejeta hata injini ipoe, maana maji yale yamebanwa nayo hurukia uso. Taa ya betri si ugonjwa wa betri siku zote. Mara nyingi yasema kwamba altaneta haichaji au mkanda wake umekatika. Na katika motokaa nyingine mkanda huo ndio uzungushao pampu ya maji, hata joto likafuata nyuma. Taa ya breki, ikiwa breki ya mkono imeshushwa, yasema mafuta ya breki yamepungua. Nayo haingoji kesho.

Twawaomba mshike jaribio hili moja. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa za onyo zote yapasa ziwake, kisha injini ikiwaka zizimike. Iwapo taa ya oili au ya injini haikuwaka hata kidogo, usifurahi. Labda balbu imekufa, labda mtu ameing'oa makusudi ili mnunuzi asione. Mficha maradhi kifo humwumbua. Na hapa maradhi yamefichwa na muuzaji, lakini anayeumbuliwa ni mnunuzi.

NENO LA PILI: INJINI IKOSAYO. Mafundi wetu husema injini inamisi. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi imekosa kuwaka kwa zamu yake. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 katika sekunde moja, yaani zote pamoja mara 100. Silinda moja ikilala, robo ya kazi imepotea. Motokaa hutetemeka ikisimama, hukosa nguvu mlimani, na petroli huliwa bure.

Petroli hiyo isiyowaka haipotei. Huingia katika bomba la moshi, ikawakia ndani ya kile kichujio cha moshi chenye masega, na kukiyeyusha. Ndiyo sababu taa ya injini ya manjano ikiwaka bila kupepesa twaweza kufika mjini polepole, lakini ikipepesa yatupasa kupunguza mwendo mara moja, na isipoacha, kusimama. Wala tusiiegeshe motokaa ya namna hiyo juu ya nyasi kavu zilizotandazwa mashambani, maana bomba lake laweza kuwasha moto.

NENO LA TATU: NJIA YA KUTAFUTA. Kila silinda yataka vitu vitatu: hewa na petroli kwa kipimo, cheche kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha. Kabla ya kushika spana, tuulize: yakosa lini? Ikikosa katika kupanda mlima na mzigo, tuanze na plagi na koili. Ikikosa ikisimama tu, na mwendoni ikatulia, tutafute mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi. Ikikosa asubuhi ya mvua kisha ikapona jua likitoka, maji yameingia katika nyaya. Ikikosa saa zote, baridi na moto, yafaa mgandamizo upimwe.

Ili kuijua silinda iliyolala, injini ikiwa inazunguka polepole, fundi huchomoa soketi ya nozeli moja moja na kuirudisha. Silinda nzima ikiondolewa injini hulegea. Ile ambayo ikiondolewa hapana badiliko, ndiyo mgonjwa wetu. Asivute waya wa plagi kwa mkono mtupu, maana umeme wake ni maelfu mengi ya volti. Tukiisha kuijua, injini izimwe, tuhamishe koili yake iende silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama pamoja nayo, koili ndiyo mbovu. Usipohama, tuhamishe plagi vivyo hivyo. Jaribio hili halina gharama hata senti moja.

Plagi nayo ni barua ya kusomwa. Ikiwa na rangi ya udongo hafifu au kijivu, ni nzima. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Ikiwa nyeusi yenye kulowa oili, oili yapita katika ringi au vali. Ikiwa nyeupe yenye malengelenge, joto limezidi. Na shimo la plagi likijaa oili kwa juu, gasketi ya mfuniko wa vali imechoka, tusilaumu plagi. Mgandamizo ukiwa hafifu, fundi hutia oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena: ukipanda, ringi zimelika, usipopanda, yafaa zitazamwe vali au gasketi ya kichwa.

Wako wasemao, mashine ya kompyuta itatuambia yote. Mashine ni msaada mkubwa, lakini tuijue kazi yake. Marekani ililazimisha motokaa mpya kuwa na lugha moja ya kupimia tangu zile za mwaka 1996; zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazikufungwa na sheria hiyo, hivyo mashine ya bei nafuu huenda isipatane na baadhi ya zile za zamani. Hata ikipatana, namba P0302 yasema silinda ya pili imekosa. Haisemi kwamba ni plagi, wala koili, wala nozeli. Ni kama karani wa mapokezi aandikaye kwamba mgonjwa anakohoa. Tabibu bado atakiwa.

NENO LA NNE: NCHI YETU. Bukoba hupata mvua kama milimita 2000 kwa mwaka. Unyevu huo huingia katika mipasuko midogo ya nyaya kuukuu. Ukifungua boneti usiku wa giza injini ikizunguka, waweza kuona cheche zikirukaruka juu ya nyaya. Hapo hapana haja ya mashine. Tena tuko zaidi ya mita 1100 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Motokaa ya kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam huwaka hapa kwa petroli nyingi kuliko hewa, na plagi zake huwa nyeusi.

Habari ya mafuta, EWURA ilianza mwaka 2010 kutia vinasaba katika mafuta, ili yale yaliyochanganywa yajulikane. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugongesha injini na kutia masizi. Nayo petroli ya madebe huenda ikawa na maji. Injini ikianza kukosa mara tu baada ya kujaza tangi, tukumbuke tulikojaza, na tushike risiti.

NENO LA MWISHO: FUNDI NA SISI. Twajua desturi ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha: leo plagi, kesho koili nne, keshokutwa pampu, na motokaa yakosa vile vile huku mkopo ukiendelea kukatwa. Kosa si la fundi peke yake. Sisi humpelekea gari na kusema tu, limeharibika. Tumwandikie kama tuandikavyo faili: siku ugonjwa ulipoanza, wakati unapotokea, taa iliyowaka, mafuta yalikotoka, na vipuri vilivyokwisha badilishwa. Kisha tumwombe athibitishe kabla ya kununua, na kipuri cha zamani aturudishie. Fundi mwema hatachukia. Atafurahi kumpata mtu wa kusema naye.

Kitabu kidogo chenye habari hizo kikae ndani ya kila motokaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe hautajengwa saa nane ya usiku, mvua ikinyesha, na mgonjwa akingoja kiti cha nyuma.

 Mwenye swali na aulize.