Kilio na Shangwe Katika Njia Moja

Somo: Ezra 3:10–13

Leo tumewaletea habari za mji wa ng'ambo wenye sifa kubwa ya muziki, mji ulioharibiwa na maji. Tutautazama pamoja na mji mwingine, Yerusalemu, ulioharibiwa kwa moto. Miji hiyo miwili yatufundisha jambo moja.

Mji wenyewe ni New Orleans, katika jimbo la Louisiana kule Marekani. Uko kando ya mto mkubwa uitwao Mississippi, na sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina iliipiga pwani ile. Kuta zilizojengwa kuyazuia maji zilibomoka, na asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Katika majimbo yaliyopigwa walikufa watu zaidi ya 1,300. Wengine waliokolewa juu ya mapaa. Waokoaji walipopita nyumba kwa nyumba walichora msalaba wa rangi ukutani, na pembeni yake wakaandika tarehe na hesabu ya maiti waliokutwa ndani. Mwaka 2000 mji ule ulikuwa na watu 484,674. Ulipohesabiwa tena mwaka 2010 walikuwa 343,829 tu.

Wako waliosema wakati ule kwamba Mungu ameuadhibu mji kwa dhambi zake. Lakini wahandisi walipochunguza, waliona kwamba baadhi ya kuta zilianguka hata kabla maji hayajafika juu yake, kwa kuwa hazikujengwa imara. Bwana wetu naye alipoulizwa habari za namna hiyo, aliwakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa kusema kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi na sisi tusiwe wepesi kumsingizia Mungu uzembe wa wajenzi.

Miaka mitano baadaye, Aprili 2010, kampuni ya televisheni ya HBO ilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Treme. Hilo ni jina la mtaa wa kale wa watu weusi katika mji ule, nalo hutamkwa "Tremei". Waliouanzisha ni David Simon na Eric Overmyer, na mpaka ulipokwisha Desemba 2013 zilikuwa zimeonyeshwa sehemu 36. Hatusemi kwamba ni mchezo wa kuwaketisha watoto mbele yake. Mna maneno na mambo yasiyofaa. Lakini mtu mzima mwenye kupima atapata humo jambo la kutafakari.

Mchezo waanza miezi mitatu baada ya tufani. Nyumba bado ni magofu, majokofu yaliyooza yametupwa nje, na wengi hawajarudi. Je, twaonyeshwa nini kwanza? Hatuonyeshwi matingatinga wala wanasiasa. Twaonyeshwa watu wakikusanyika barabarani na matarumbeta yao, kama zile bendi za beni za pwani yetu, ili watembee na kupiga muziki kwa mara ya kwanza tangu maafa. Nyumba hazijasimama, lakini bendi imesimama.

Basi yatupasa kueleza desturi moja ya mji ule. Mtu akifa, hasa akiwa mwanamuziki au mwanachama wa chama chao cha kusaidiana, bendi humsindikiza. Vyama hivyo ni ndugu wa vyama vyetu vya kuzikana. Watu weusi waliviunda zamani ili wasaidiane katika ugonjwa na mazishi. Kutoka kanisani bendi hupiga nyimbo za dini polepole sana, hatua kwa hatua, na watu hulia bila haya. Kisha mwili ukiisha kuagwa, ngoma hubadilika ghafula. Tarumbeta huinuka, leso na miavuli huinuliwa juu, na msafara ule ule uliokuwa ukilia hurudi mjini kwa shangwe. Aliyekufa ameachiliwa kwenda zake, na waliobaki wamepewa ruhusa ya kuishi.

Katika mchezo yumo mama mmoja aitwaye LaDonna, mwenye baa. Ndugu yake alikuwa mikononi mwa polisi siku za tufani, na jina lake likapotea katika vitabu vya gereza. LaDonna anamtafuta kwa miezi, ofisi hadi ofisi, akisaidiwa na mwanasheria mwanamke, na mwishowe anaupata mwili tu. Sehemu ya kumi yamalizika kwa mazishi ya kijana huyo, na bendi yatembea pamoja na jamaa zake. Haki hawakuipata yote, lakini kilio chao kilipata njia ya kupita.

Wengine katika mchezo hawapati njia hiyo. Yumo profesa mmoja, mtu wa maneno makali, anayewatetea watu wa mji wake mbele ya dunia nzima. Kila mtu ausikia ukali wake, lakini huzuni yake hakuna aijuaye. Nyumbani anacheka na mkewe na bintiye, na siku moja anapanda kivuko na kujitupa mtoni. Ndugu zetu, hilo ni mchezo tu, lakini watu wa namna hiyo tunaketi nao kanisani. Wapo wanaoongoza nyimbo, na wapo wanaopitisha vikapu vya sadaka.

Tena kuna siku ambapo wazee wa kundi moja la watu wanaovaa manyoya na shanga siku za sikukuu wanasimama mbele ya nyumba iliyobomoka. Mwenzao ameonekana amekufa, nao wanamwimbia. Mara basi la watalii lasimama. Watu waliomo ndani wanachungulia na kupiga picha, na dereva anauliza kuna nini. Wanamwambia aende zake. Dereva yule anaona aibu, anaomba radhi, na kuondoka. Watalii waliyaona magofu yale yale, lakini hawakulia na wenye nyumba.

Sasa twendeni Yerusalemu. Wana wa Israeli walirudi kutoka utumwani Babeli, huko ambako waliwahi kuvitundika vinubi vyao mitini kwa kushindwa kuimba. Waliukuta mji ni magofu. Wajenzi walipoweka msingi wa hekalu, ule msingi tu, makuhani walisimama na tarumbeta na wana wa Asafu wakashika matoazi, wakamsifu Bwana. Vijana walipiga kelele kwa furaha. Lakini wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu, maana walikumbuka kilichokuwapo. Biblia yatueleza kwamba sauti hizo mbili zilichanganyika hata watu wasiweze kuzitenga. Wala hatusomi kwamba Zerubabeli aliwanyamazisha wazee, au kwamba wazee waliwakemea vijana. Mungu alizipokea zote mbili kuwa ibada moja.

Wapendwa, hapo ndipo penye fundisho letu la leo, nalo lina mambo matatu.

Kwanza, tusimnyang'anye mtu kilio chake. Mara ngapi tumesikia matangani mjane akiambiwa, "Nyamaza mama, ni mapenzi ya Mungu," kabla hata chozi halijafika shavuni? Bwana Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro kitambo kidogo tu baadaye, lakini alilia pamoja na Mariamu na Martha. Kulia si kukosa imani. Kilio kisichotolewa hakiondoki; hurudi ndani, na huko ndani chaweza kumwua mtu. Kama u mzee wa kanisa, au u mama wa Mothers' Union, ukienda kwa mfiwa usiende kama wale watalii wa basi. Keti. Nyamaza. Lia naye.

Pili, tusijenge nyumba makaburini. Msafara wa New Orleans haukai kaburini. Hugeuka ukarudi mjini. Wako kati yetu ambao msiba uliwapata miaka mingi iliyopita, nao mpaka leo hawajarudi. Hawaimbi tena, wala hawataki wengine waimbe. Ndugu, hatukuambii umsahau uliyempoteza. Wale wazee wa Ezra hawakulisahau hekalu la kwanza, lakini machozi yao waliyatoa wakiwa wamesimama juu ya msingi mpya, si mbali huko Babeli. Sisi tunaomwamini Yesu aliyefufuka tunayo sababu ya kugeuza wimbo kuliko bendi yoyote ya dunia hii. Kaburi lililo wazi ndilo linaloturudisha mjini.

Tatu, baada ya kulia na kuimba, tushike nyundo. Katika mji ule wanamuziki Branford Marsalis na Harry Connick Jr. walishirikiana na Habitat for Humanity kujenga kijiji cha wanamuziki chenye nyumba 72, ili wapigaji warudi kwao. Nalo Kanisa la Kiaskofu, ambalo ni la ushirika wetu wa Anglikana, lilianzisha kazi ya kujenga nyumba mwaka 2006 katika Dayosisi ya Louisiana, wakaiita Jericho Road, yaani njia ya Yeriko. Mwajua ni nani aliyeonekana katika njia ile: Msamaria ambaye hakuishia kuhurumia, bali alishuka katika punda wake. Hapa kwetu Kenya mafuriko ya mwaka 2024 yalichukua watu usiku kule Mai Mahiu, na kubomoa nyumba nyingi Mathare. Picha zilipitishwa siku nyingi kwenye simu zetu. Swali ambalo Bwana atatuuliza si kama tuliziona. Atauliza kama tulishuka.

Mwisho, msivunjike moyo kazi ikikawia. Hekalu lile halikwisha mwaka ule. Adui walilipinga, kazi ikasimama, na miaka ikapita karibu ishirini kabla halijakamilika. Siku ile walipoimba palikuwa na msingi tu. Nawe ndugu, labda leo unao msingi tu: afya kidogo, mtoto mmoja aliyerudi nyumbani, kiwanja kisicho na paa. Mwimbie Bwana juu ya huo msingi, na machozi yako yakitoka, yaache yatoke.

Tuombe.

Ee Baba wa rehema, waangalie wote waliopoteza nyumba na wapenzi wao. Wape walio na huzuni mahali pa kulia, na walionyamaa muda mrefu uwarudishie wimbo. Utuepushe na macho ya watalii, utupe mikono ya Msamaria. Mwenye kuficha uchungu wake leo, mtumie ndugu wa kumsikiliza kabla jua halijatua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyelia kaburini na aliyetoka kaburini. Amina.