Ufizi Ukiliacha Jino Wazi

Mwalimu na aandike ubaoni neno hili: UFIZI. Ufizi ni ile nyama inayoshika shina la jino.

Ninyi mkaao Galula mmekwisha kuona mti ulio ukingoni mwa mto Songwe. Maji yakimomonyoa udongo, mizizi hubaki nje. Mti haujafa, lakini umo hatarini. Ndivyo lilivyo jino ambalo ufizi wake umerudi nyuma. Huonekana refu, na ukinywa maji baridi huuma.

Sababu ni nini? Ya kwanza ni ukoga, yaani uchafu unaoganda juu ya meno. Ndani yake mna vijidudu viletavyo ugonjwa wa fizi. Ya pili ni kusugua meno kwa nguvu mno. Tumbaku nayo huzidhuru fizi.

Ufizi uliokwisha kurudi nyuma haukui tena wenyewe. Lakini daktari wa meno aweza kuutia kiraka. Husafisha mzizi, huinua ukingo wa ufizi, kisha hukata kipande chembamba cha nyama katika kaakaa la mgonjwa mwenyewe, akakishona pale palipo wazi. Kazi hii ni njema, ila mgonjwa hupata vidonda viwili, na nyama ya kaakaa si nyingi.

Kwa hiyo wataalamu wametafuta badala yake. Kuna utando wa kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikamanisha nyama ya mwili, ambao mara nyingi hutolewa kwa nguruwe. Kuna na ngozi iliyotolewa na mtu aliyekufa, ikasafishwa sana. Mwenye mwiko wa dini na aulize mapema: "Daktari, kitu hiki kimetoka wapi?" Kuuliza si utovu wa adabu.

Kuna pia vichocheo vya ukuaji, yaani vitu viuambiavyo mwili, "Jenga hapa." Mwaka 2001, Joseph Choukroun wa Ufaransa na wenzake walieleza njia ya kuvipata katika damu ya mgonjwa mwenyewe. Damu hutolewa kidogo, huzungushwa kwa kasi katika mashine, ikaganda kuwa utando uliojaa chembe sahani. Utando huo huwekwa chini ya ufizi, nao hutoa vichocheo polepole.

Je, vitu hivi vimeishinda nyama ya kaakaa? La. Hupunguza maumivu, lakini kwa kuufunika mzizi, nyama ya kaakaa ingali ndiyo kipimo. Tena mfupa wa katikati ya meno ukiwa umekwisha kuliwa, hakuna kiraka kitakachofunika mzizi wote.

Basi shikeni jambo moja. Kiraka hakifai kitu ikiwa sababu ingalipo. Atakayesugua kwa nguvu vilevile, au kuacha ukoga, atakipoteza. Anzeni leo: mswaki laini, mkono mwepesi, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floridi. Wala msikimbilie kung'oa jino kwa kuwa ni refu tu. Nendeni kwanza zahanati, mkaombe kupelekwa kwa daktari wa meno.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Taja sababu tatu za ufizi kurudi nyuma.
2. Kwa nini sharti sababu iondolewe kabla ya kutia kiraka?
3. Ungemwuliza daktari nini kabla ya kukubali?

Kwaherini.