BREKI ZA MOTOKAA YA MBIO

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu na aishike mkononi. Ninyi mlioketi darasani Buseresere baada ya kazi za shamba, za duka na za machimbo, poleni kwa kazi. Mwalimu wa darasa akiona jambo halikueleweka, na asimamishe kusoma, mlizungumze kwanza, kisha mwendelee.

Leo tutasoma habari za breki. Tutaona jinsi mafundi wanavyoongeza nguvu za breki katika motokaa ya mbio. Labda utasema, "Mimi sina motokaa ya mbio. Jambo hili lanihusu nini?" Swali lako ni jema. Nenda ukasimame kando ya barabara ya lami itokayo Geita na kupitia Katoro hadi Buseresere. Utaona malori, mabasi, na pikipiki za bodaboda zimebeba watu wawili na gunia juu. Vyombo vyote hivyo husimamishwa kwa njia ile ile inayosimamisha motokaa ya mbio. Anayeelewa breki za mbio ataelewa pia breki za bodaboda anayoipanda kwenda sokoni.

Maneno ya leo ni haya. Yasome kwa sauti: breki, dramu, diski, pedi, shuu, joto, tairi.

MBIO ZA AFRIKA YA MASHARIKI

Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya motokaa yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yalijulikana duniani kote kwa jina la Safari Rally. Motokaa zilikimbia katika vumbi, matope, mawe na mito iliyofurika. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Kampala. Aliendesha Datsun 240Z, motokaa ndogo ya mbio yenye viti viwili, iliyotengenezwa Japani. Alishinda tena miaka minne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, kwa motokaa nyingine. Hiyo ni mara tano kwa jumla.

Sasa angalia jambo moja. Ile Datsun 240Z ilikuwa na breki za namna mbili. Magurudumu ya mbele yalikuwa na breki za diski, na ya nyuma yalikuwa na breki za dramu. Kwa nini? Tukijibu swali hilo, somo letu litakuwa limefika katikati.

BREKI HUGEUZA MWENDO KUWA JOTO

Ukisugua viganja vyako kwa nguvu, vinapata moto. Fanya hivyo sasa. Umeona? Breki hufanya kazi hiyo hiyo. Husugua chuma kinachozunguka, na mwendo wote wa motokaa hugeuka kuwa joto.

Joto hilo ni kiasi gani? Chukua motokaa ya kilo 1,000 inayokwenda kilometa 100 kwa saa. Dereva akikanyaga breki mpaka isimame, joto linalotoka latosha kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini. Ni sufuria nzima ya chai, na imechemka kwa sekunde chache tu! Katika mbio, dereva hufanya hivyo mara kumi, mara ishirini, mara hamsini, kila afikapo kwenye kona. Joto la kwanza halijapoa, na la pili limekwisha kuja juu yake.

Kumbuka pia hesabu hii. Mwendo ukizidi mara mbili, joto na masafa ya kusimama huzidi mara nne. Pikipiki iliyo katika kilometa 40 kwa saa, ikiwa na breki nzuri na lami kavu, husimama katika meta 9 hivi. Ikiwa katika kilometa 80 itahitaji meta 36 hivi. Tena hapo hatujahesabu muda wa dereva kuona hatari na kukanyaga. Muda huo ukiwa sekunde moja tu, mwenye kilometa 40 amekwisha pita meta 11, na mwenye kilometa 80 amepita meta 22. Jumlisha mwenyewe daftarini. Wa kwanza atasimama baada ya meta 20. Wa pili atasimama baada ya meta 58. Mtoto akivuka barabara meta 30 mbele yao, wa kwanza atasimama, na wa pili atamgonga.

DRAMU NA DISKI

Dramu ni kama sufuria iliyofunikwa. Inazunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna shuu mbili, ambazo ni vipande vya upinde. Ukikanyaga breki, shuu hutanuka na kusugua ukuta wa dramu kwa ndani. Breki hii ni ya gharama ndogo, nayo hudumu. Lakini joto hufungiwa ndani. Dramu ikipata moto sana hutanuka na kwenda mbali na shuu, na breki hulegea. Maji yakiingia ndani baada ya kuvuka mto, hukawia kutoka, na breki huteleza.

Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi. Pedi mbili huibana huku na huku, kama vidole viwili vinavyobana sahani. Upepo huipoza. Maji hurushwa nje upesi.

Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki ya diski tangu mwaka 1902. Lakini watu wengi walianza kuiamini mwaka 1953, pale motokaa ya Jaguar yenye breki za diski iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Madereva wake waliweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wenzao, na breki zao hazikulegea hata baada ya saa nyingi.

Sasa turudi kwa ile Datsun. Ukikanyaga breki, uzito wa motokaa huinamia mbele. Hata abiria huinama. Kwa hiyo magurudumu ya mbele hufanya kazi kubwa kuliko ya nyuma, nayo hupata joto jingi zaidi. Ndiyo sababu diski ziliwekwa mbele. Na kwa sababu hiyo hiyo, ninyi vijana wa pikipiki mnaoogopa breki ya mkono ya mbele mnaiacha breki yenye nguvu kuliko zote. Itumieni pamoja na ya nyuma. Ibaneni polepole, kisha mwongeze nguvu. Msiikamate kwa ghafula, wala msiikamate mkiwa mnakata kona au mkiwa juu ya mchanga.

HATUA ZA FUNDI

Fundi anayetaka kuongeza nguvu za breki za motokaa ya mbio hufuata hatua kwa mpango. Nawe zisome kwa mpango.

Hatua ya kwanza ni tairi. Breki hukamata gurudumu, lakini tairi ndiyo inayokamata barabara. Kama tairi ni kipara, hata breki ya bei kubwa italifunga gurudumu tu, na motokaa itaburuzika. Ikiwa breki zako za sasa zaweza kulifunga gurudumu, basi diski kubwa zaidi haitakusimamisha mapema mara ile ya kwanza. Itakusaidia mara ya kumi, joto likizidi.

Hatua ya pili ni maji ya breki, nasi tutayazungumza baadaye kidogo.

Hatua ya tatu ni pedi na shuu. Pedi za mbio hustahimili joto kubwa sana. Lakini jihadhari! Nyingi katika hizo hazikamati vizuri zikiwa baridi. Katika uwanja wa mbio ni dawa. Katikati ya soko, asubuhi, ni hatari. Kila kazi ina pedi yake.

Hatua ya nne ni mipira inayopeleka maji ya breki kwenye magurudumu. Mpira uliozeeka hutanuka ukikanyaga breki, na nguvu ya mguu wako hupotea njiani. Ukipasuka, breki ya upande huo imekwisha.

Hatua ya tano ndiyo diski kubwa na vibano vikubwa. Hapa fundi hupima kwanza. Je, diski itaenea ndani ya rimu? Je, masta silinda yatosha kusukuma maji mengi zaidi? Isipotosha, pedali itashuka mpaka chini kabla breki haijakamata. Tena asiongeze nguvu za nyuma peke yake. Breki za nyuma zikijifunga kwanza, mkia wa motokaa hutaka kupita mbele, na motokaa huzunguka barabarani kama pia.

Watu wengi huanzia hatua ya tano, kwa kuwa diski kubwa yaonekana na kupendeza. Hununua diski inayong'aa na kuifunga juu ya tairi iliyokwisha. Hiyo ni kazi ya macho tu.

KUSOMA KUNAKOOKOA MAISHA

Sasa tumefika mahali ambapo kisomo chako kina kazi. Ukikanyaga pedali, nguvu ya mguu husafiri ndani ya maji maalumu mpaka kwenye magurudumu. Maji hayo si ya kisimani, wala si oili ya injini. Maji ya kisimani huchemka kwenye nyuzi 100 tu. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira wa kuchezea. Mguu huenda chini, na motokaa haisimami. Oili ya injini nayo huvimbisha mipira iliyomo ndani ya breki na kuiharibu. Asikudanganye mtu njiani akakwambia, "Tia chochote, tufike nyumbani."

Soma kifuniko cha tangi la maji ya breki. Utaona herufi tatu, D, O, T, na tarakimu mbele yake. Herufi hizo ni kifupi cha jina la wizara ya uchukuzi ya Marekani iliyoweka vipimo. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 205. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ifike angalau nyuzi 230. Ndiyo sababu wenye motokaa za mbio huipenda DOT 4 au iliyo bora zaidi. Lakini maji haya hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa sana huchemka mapema. Mafundi wengi huyabadilisha kila miaka miwili.

Sasa tazama kwa makini. Iko DOT 5, na iko DOT 5.1. Zafanana, lakini si moja. DOT 5.1 huweza kuchanganywa na DOT 3 na DOT 4. DOT 5 ni ya namna nyingine kabisa, na haichanganywi nazo. Tofauti yake katika maandishi ni nukta moja na tarakimu moja. Asiyejua kusoma hawezi kuiona. Wewe waweza. Basi usione haya kumwambia fundi, "Samahani, fundi, nionyeshe chupa niisome." Fundi mwema atafurahi.

MAONYO YA MWISHO

Ukiteremka mlima mrefu, kama ule wa Sekenke kule Singida, tia gia ndogo tangu juu. Injini itakusaidia kuzuia mwendo, na breki zitabaki na nguvu kwa wakati wa shida. Anayeteremka huku amekanyaga breki tangu juu hadi chini hufika chini hana breki.

Ukitoka kwenye maji au matope, jaribu breki zako kwa mwendo mdogo kabla ya kukimbia.

Usipulize vumbi la breki kwa mdomo. Shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Na wewe abiria, unayo haki. Ukiona tairi ni kipara, au dereva anaburuza miguu chini ili pikipiki isimame, shuka. Mwambie kwa upole, "Kijana wangu, tengeneza breki kwanza, nami nitapanda kesho." Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Datsun 240Z iliwekewa diski mbele?
2. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama huzidi mara ngapi?
3. Kwa nini fundi huanza na tairi?
4. Andika tofauti ya DOT 5 na DOT 5.1.
5. Kesho, kabla ya somo, soma kifuniko cha maji ya breki cha chombo kimoja kijijini. Andika ulichokiona, uje ukisome mbele ya wenzako.

Mwenye pikipiki nje ya darasa, na ajaribu breki zake kabla ya kuipanda usiku huu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.